Antikolinejiki: neno pana mno, lakini tusilitupe

Bibi yangu alikuwa na dawa za aina tatu kwenye kopo la biskuti: klofeniramini ya mafua, amitriptilini ya miguu inayowaka moto, na hayosini ya tumbo linalosokota. Kila moja aliandikiwa na mtu tofauti, na kila mmoja alikuwa na sababu ya msingi. Baadaye ugali ukaanza kumkwama kooni, choo kikawa kigumu, mkojo ukawa wa kusubiri, na usiku akawa ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Sisi tukasema ni uzee.

Dawa hizo zote ni antikolinejiki, yaani huzuia asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekea ujumbe. Ndiyo inayolowesha mdomo, kusukuma utumbo, kubana kibofu, kupunguza kasi ya moyo, na kusaidia kumbukumbu ubongoni.

Wapo wataalamu wasiolipenda neno hili, na wana hoja. Asetilikolini ina vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake, vya aina mbili, muskarini na nikotini, na nyingi ya dawa hizi huziba muskarini tu. Afadhali basi tuseme antimuskarini. Mtazame mkulima aliyedhuriwa na kiuatilifu cha oganofosfati. Kimeng'enya kinachovunja asetilikolini kimezimwa, hivyo mate yanamchuruzika na mapafu yanajaa majimaji. Anadungwa atropini, dawa inayoziba muskarini, inarudiwa tena na tena, huku mhudumu akisikiliza kifua mpaka sauti ya majimaji iishe. Ila misuli anayopumulia inategemea vipokezi vya nikotini, na huko atropini haina kazi. Kifua kimekauka, lakini mgonjwa bado anaweza kuishiwa nguvu za kuvuta pumzi. Neno lisilotofautisha hayo mawili linaweza kumpumbaza anayemhudumia.

Hata hivyo, mimi nalitetea. Dawa ya mafua, ya neva na ya tumbo haziko kundi moja kwenye rafu ya duka, na hakuna jina jingine la kawaida linalotufanya tuzijumlishe kama mzigo mmoja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015, uliofuatilia wazee 3,434, ulikuta demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, zaidi kwa waliozitumia kwa wingi na kwa muda mrefu. Wakosoaji husema huzuni na kukosa usingizi huweza kuwa dalili za mwanzo za demensia yenyewe, na ndizo zilizotibiwa kwa dawa hizo. Ni kweli, chanzo hakijathibitishwa. Lakini mdomo mkavu na kuchanganyikiwa kwa leo havisubiri uthibitisho huo.

Wala sisemi zitupwe. Mgonjwa aliyekakamaa kwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, anaihitaji benziheksoli yake, antikolinejiki inayomlegeza, na akiikatisha ghafla ataumia.

Daktari aliyetusaidia alimwaga lile kopo mezani, akazipanga dawa mstari mmoja, akauliza, "Bibi, ipi ilitangulia?"