Moja Tu, Halafu Nashona

Nina miaka 52, na 40 kati ya hiyo nimeipitisha nikiwa nimeinamia ubao. Nimecheza dama kwa vizibo vya soda, ludo kwa dadu iliyolika pembe, matatu ya karata hadi karata zenyewe zikalainika kama chapati ya jana, na mweso ndio usiniulize. Mgongo umepinda. Wateja hudhani umepindwa na cherehani, nami nawaachia dhana yao, maana fundi aliyepindwa na cherehani huonewa huruma, lakini aliyepindwa na mweso hudaiwa kitambaa.

Nilianzia Walukuba, Jinja, hapa Uganda, kwenye nyumba za wafanyakazi. Baba alikuwa kiwandani. Jirani wa kushoto alikuwa Mluo, wa kulia Mlugbara, wa mbele Mwacholi, sisi Wasoga, kwa hiyo ugomvi wote uliendeshwa kwa Kiswahili ili kila mtu atukanwe kwa lugha anayoielewa. Chini ya mwembe wa pale ndipo nilipojifunza mambo mawili: kuhesabu kete kwa jicho bila kuzigusa, na kusema "nakuja" bila kuinuka. Hilo la pili ndilo lililonifikisha hapa nilipo.

Lakini lipo jambo linanisumbua, na nalisema hapa kwa sababu nyumbani sisikilizwi. Kwenye ubao mimi si mvivu hata kidogo. Kijiweni petu ukishika kidevu kufikiri, watazamaji wanaanza kukuhesabia kwa sauti, moja, mbili, na ikifika tatu hujacheza unapigiwa miluzi mpaka usahau hata jina la mkeo. Nimezoea. Naona, nachota, nasambaza, nakula. Basi mtu huyohuyo, kwa kichwa hikihiki, kitasa cha mlango wa choo kimemshinda tangu kifunguamimba wake yuko darasa la pili. Huyo kifunguamimba sasa yuko Makerere. Choo chetu tunakifunga kwa kuimba. Aliye ndani anaimba, aliye nje anasubiri beti ziishe. Mgeni asiyejua nyimbo hupata taabu.

Kwa asiyeujua mweso: ubao una mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mmoja ana safu zake 2 na kete 32. Unachota shimo moja, unadondosha mojamoja kinyume cha saa. Ya mwisho ikiangukia penye wenzake unachota tena unaendelea. Ikiangukia safu ya ndani, na mashimo mawili ya mwenzako yanayotazamana nayo yote yana kete, unazibeba zote na kwenda kuzisambaza kuanzia palepale mzunguko ule ulipoanzia. Shemeji yangu wa Mombasa akiona hivyo hucheka. Anasema bao la kwao mtu anaanza na kete 22 mkononi, na kwamba wao wana shimo maalumu linaloitwa nyumba. Nikamwambia, shemeji, mwenye nyumba hawezi kulala kwangu wiki tatu.

Sasa ipo kanuni moja ya mweso, nimeicheza tangu utotoni na juzijuzi tu ndiyo ikanizaba kofi: shimo lenye kete moja haliruhusiwi kuanza. Lazima ziwe mbili au zaidi. Ndiyo maana utamwona mtu ameshindwa na huku ana kete kibao, ila zimetawanyika mojamoja, anazikodolea macho kama anayetazama ng'ombe wa jirani. Hana pa kuanzia. Usiku mmoja umeme umekatika, usingizi hauji, nikaanza kuhesabu mipango yangu. Kitasa. Paa la banda la kuku. Jino la nyuma. Chama cha akiba. Barua ya mjomba, ambaye ameshafariki lakini barua yake bado sijaijibu. Nikafika 16 kamili, safu zangu mbili zimejaa, na kila mpango una kete moja! Nikamwamsha mama watoto nimweleze ugunduzi huu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, kete ya pili ni kuamka asubuhi," akageukia ukutani.

Huyo mama watoto ana silaha yake moja ambayo huitoa kila nikichelewa kurudi. Ni yule binti wa Katwe, Phiona Mutesi. Alimfuata kaka yake kwenye mafunzo ya sataranji kwa sababu pale walikuwa wanagawa uji, na kufikia mwaka 2012 akawa na cheo cha kimataifa. "Mwenzako alifuata uji akarudi na cheo," ananiambia. "Wewe miaka 40 umefuata nini, umerudi na nini?" Nikijibu kwamba mimi nilirudi na mgongo, mjadala unakuwa mkali.

Kisa cha gogo nacho hakiishi. Mwaka 2010 binamu yangu aliniletea gogo la mvule kutoka Kamuli nichonge ubao wangu mwenyewe. Nikanunua patasi, nyundo na msasa. Wiki ya kwanza nikachonga mashimo 5. Na si mashimo ya kubabaisha. Ukipitisha kidole humo leo, ni laini kama ndani ya kikombe. Halafu patasi ikawa butu, nikasema nitainoa Jumamosi. Sikutaja Jumamosi ipi. Kijana wangu wa Makerere alipokuja likizo akafanya hesabu bila kuombwa: miaka 15, mashimo 5, ni shimo moja kila miaka 3, yamebaki 27, ni miaka 81. "Mzee, utamaliza ukiwa na miaka 133." Nikamuuliza kama muda wa kupiga msasa ameuweka humo. Hakuwa ameuweka. Ada ninayolipa, banange.

Basi tunachezea ubao wa muuza rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, aliye mkabala na duka langu. Ubao una ufa, na kete zina mafuta ya mayai. Moja ilipotea tangu Pasaka, nikaenda kwenye kopo langu la vifungo nikaleta kifungo kimoja cha koti, cha kahawia, chenye matundu manne. Kikakaa vizuri tu. Kishikilieni hicho kifungo, nakirudia.

Kazi yangu hasa ni gomesi, lile gauni refu la heshima la akina mama. Na hapa niseme ukweli unaoniuma: vazi lenyewe lina jina la fundi, Mgoa mmoja aliyeitwa Gomes. Kila nikikanyaga cherehani namfikiria. Angekuwa na tabia yangu, akina mama wa Buganda wangekuwa mpaka leo wamejifunga magome ya mutuba, wakiambiwa njoo Jumanne. Ila sikubali kuonewa peke yangu. Katiba ya nchi hii ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na baraza la mawaziri likaja kuidhinisha utekelezaji mwaka 2022. Miaka 17! Mimi naitiwa wazee kwa gomesi ya wiki tatu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na gomesi ya mama mmoja mtu mzima, ya kwanjula ya mjukuu wake, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, siku inayofuata asubuhi. Na kwanjula ni kama ile 7 inayokata kwenye matatu: ikishuka mezani mchezo umekwisha, hata kama mkononi umebaki na furushi zima. Nalijua hilo. Ilikuwa imebaki mikono, ile yenye mabega ya kuchongoka, na upindo wa chini. Saa tisa nikavuka barabara kunywa chai. Muuza rolex akapanga kete. Nikamwambia, moja tu, halafu nashona.

"Moja tu" kwa wachezaji si idadi. Ni salamu.

Saa kumi na mbili ilipogonga nilikuwa nimeshinda tano, nimeshindwa tatu, na ya tisa ilikuwa inaninyookea. Ghafla miluzi ikanyamaza. Muuza rolex akakumbuka kwamba ana mayai kwenye kikaango, ingawa jiko lilikuwa limezimwa. Nikainua macho: yule mama amesimama na mkoba wake.

"Fundi."

"Mama, karibu, karibu kiti."

Akakaa. Akakaa kwenye kigoda cha mpinzani wangu.

"Gomesi yangu?"

"Imebaki kidogo tu, mama."

"Kidogo gani?"

"Mikono."

Akautazama ubao kwa muda. "Zamu ya nani hapa?"

"Ya... huyo aliyekimbia."

Basi yule mama akavua saa yake, akaiweka mkobani, akachota. Sijawahi kuona. Mkono wake haukuwa unadondosha kete, ulikuwa unazinyunyiza kama mtu anayetia chumvi mboga anayoijua. Akazunguka, akala, akaanza tena, akazunguka, akala tena, watazamaji wakarudi mmojammoja kama kuku waliosikia mtama. Mzunguko wa tatu akachota shimo lenye kete nne, mkono ukasimama hewani. Akafungua kiganja. Akachukua kile kifungo kwa vidole viwili, akakisogeza karibu na jicho.

"Hiki ni cha koti la mzee wangu."

Ni kweli. Koti lililetwa kabla ya Pasaka, kupunguzwa mikono. Mzee alikuwa alivae juu ya kanzu kesho yake. Nilitaka kusema kitu, nikajikuta nimesema, "Kifungo kiko salama, mama, kimekuwa kikifanya mazoezi."

Hakucheka. Lililonimaliza ni kwamba hakukichukua papo hapo. Alikidondosha kwenye shimo lake kwa haki, akamaliza mzunguko, akala tena, ndipo akakitoa na kukifunga kwenye leso. Akaniangalia upande wangu wa ubao. "Mwanangu, umebaki na kete mojamoja. Huna pa kuanzia. Twende dukani."

Tukaenda. Akakaa nyuma yangu kwenye benchi mpaka saa tano usiku. Saa tatu umeme ukakatika, moyo ukanipiga kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu. Akaniwashia tochi ya simu, akaishikilia, na kila nikipunguza mwendo tochi inasogea karibu na uso wangu. Nikamaliza mikono, upindo, koti, kifungo. Wakati wa kulipa akakata shilingi 5,000. Nikauliza za nini. Za tochi.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mama watoto alikuwa ameshapata habari yote. Sijui huwa zinapitia wapi, lakini zinapanda boda boda. Akasema angependa kujuana na yule mama. Nikasema sioni haja.

Jumapili nikaamka kabla ya jogoo, nikanoa patasi. Nasema kweli, niliinoa, majirani wawili waliona, mmoja akauliza kama tuna msiba. Nikavaa kaptura ya kazi, nikazunguka nyuma ya stoo kulitoa gogo. Nikaliinamia, nikasikia mlio kama wa mtu anayekoroma kwa hasira. Katikati ya gogo na ukuta, kuku wa mama watoto amejitandikia majani, amelalia mayai. Nilihesabu 9 kabla hajanidonoa.

"Usimguse kuku wangu!" sauti ikatoka jikoni.

Sikumgusa. Kuku huatamia siku 21, na gogo likisogezwa atasusa. Leo ni siku ya tatu. Nimepiga alama kwa chaki ukutani, kila asubuhi naenda kumwangalia, ananiangalia. Kitasa ningekifunga leo hii, wakati namsubiri, ila bisibisi iko hukohuko nyuma ya gogo.