Nani Anapanga Bei Kilindini?

Leso, yaani kanga, vazi ambalo wengi wetu tungelitaja kwanza tukiulizwa Uswahili unavaaje, kwa sehemu kubwa ya historia yake haikuchapishwa Uswahilini. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 vitambaa vilikuja kwa meli kutoka Manchester na Uholanzi, baadaye Japani, na leo nyingi zatoka India. Kilichokuwa hapa ni akili. Wafanyabiashara wa Mombasa, kina Kaderdina Hajee Essak na chapa yao ya Mali ya Abdulla, ndio waliojua wanawake wa mjini wanataka rangi gani, maua gani, na jina gani, yaani fumbo, liandikwe chini ya mji, ile sehemu ya kati ya leso. Waliagiza, wakasubiri, mzigo ukarudi. Mchapaji wa ng'ambo hakuhitaji kujua maana ya fumbo lile. Alihitaji kufuata herufi alizotumiwa.

Nimeanza na leso kwa sababu mjadala wa utandawazi ukizuka mjini kwetu huwa wagawanyika pande mbili tu. Kuna wasemao utandawazi umetumaliza: viwanda vimekufa, vijana wameiga ya watu, na serikali inatawaliwa na wenye kuidai. Na kuna wanaojibu kwamba mji wa bandari kuulaumu ulimwengu ni sawa na mvuvi kuilaumu bahari. Wote wana hoja, lakini wanabishana juu ya mlango kufunguliwa au kufungwa, nao mlango wa Mombasa haujawahi kufungwa. Mreno alianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa kuwa biashara ya Bahari Hindi ilikuwa tayari inapita hapa, na alitaka kuishika. Suala ni nani ndani ya biashara hiyo ana sauti. Kwenye leso, mji huu ulikuwa nayo. Kwenye bidhaa nyingi za leo hauna.

Chukua mitumba. Nenda Kongowea asubuhi robota linapokatwa kamba, uone wanunuzi wa rejareja wanavyorukia kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza, kabla hazijashika chini. Aliyelinunua robota hajui kilichomo mpaka lifunguke. Amelipa kwa uzani na kwa bahati. Lakini kutoka hapo riziki husambaa: mbebaji, anayepiga pasi, fundi anayepunguza kiuno, muuzaji wa kutembeza. Na mzazi humvika mtoto kwa pesa ambazo hazingenunua hata kitambaa dukani. Mtu akisema mitumba ipigwe marufuku kesho, na ajibu kwanza hawa wote wataenda wapi.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Kenya ilikuwa na viwanda vya nguo vya maana, KICOMI kule Kisumu na Rivatex ya Eldoret vikiwa miongoni mwao, na vilianguka baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990. Mitumba haikuwa muuaji peke yake. Uongozi mbovu na madeni vilishika mpini pia. Hata hivyo ni vigumu kiwanda kushindana na shati ambalo mwenyewe alilitoa bure. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuwanyima wakaidi nafuu ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya ilijitoa mapema. Rwanda ilishikilia msimamo, ikapandisha ushuru wa mitumba, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo.

Hapo ndipo penye uhondo wa jambo hili. Kenya ilikuwa na viwanda, baadhi vikiwa hapa Mombasa, vinavyoshona nguo mpya za kupelekwa Marekani. Nafuu tuliyopewa ya kuwauzia nguo mpya ndiyo kamba tuliyofungiwa ili tuendelee kununua kuukuu zao. Siwalaumu waliojitoa, ajira za washonaji zilikuwa halisi na hasara ingeanzia kwao. Lakini mtu asiniambie lile lilikuwa soko huria.

Sauti ya mji huu iliwahi kusikika, na haikutoka kwa matajiri. Makuli wa bandarini Kilindini waligoma 1939, wakagoma tena 1947 katika mgomo uliousimamisha mji mzima, na 1955 wakarudia, mpaka Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaingilia kati usuluhishi. Nguvu yao ilikuwa mikononi kwa maana kamili: kila gunia la kahawa lilipita mgongoni mwa mtu, na wakikaa chini, meli ilikaa. Kisha Mmarekani Malcom McLean akapakia makasha ya chuma melini mwaka 1956, na baada ya miongo michache bandari za dunia zikawa kreni na kontena. Faida yake ni kubwa: usafirishaji uliporahisika bei zilishuka, wizi wa melini ukapungua, na mzigo wa Kampala au Kigali ukawa unapita bila kufunguliwa. Ila kazi iliyotaka kundi zima la watu sasa yafanywa na wachache, na wachache hawawezi kuisimamisha meli kwa kukaa chini. Katika simulizi za utandawazi hili halitajwi sana, labda kwa kuwa hakuna aliyelitia sahihi. Hakukuwa na mkataba wala kikao. Lilikuja na kasha.

Ndipo tukafika kwenye reli. SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa Mei 2017 kwa mkopo uliotoka kwa sehemu kubwa Benki ya Exim ya China, na deni likahitaji mzigo wa kulilipa. Mwaka 2019 serikali ikaagiza kontena zipande treni moja kwa moja hadi bara. Madereva wa malori, wenye bohari za Changamwe na Miritini, mawakala wa forodha, mpaka mama anayeuza chai kando ya barabara ya Mariakani, waliona mzigo ukiwapita juu ya daraja. Waliandamana kila Jumatatu. Kesi zikaenda mahakamani, wanasiasa wakaidandia hoja, na Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kuirudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa.

Watu wengi huikumbuka hadithi hii kama ya Mchina na Mombasa. Mimi naisoma tofauti. Mkopo ulitoka Beijing, lakini agizo lilitoka Nairobi, na Nairobi ndiko lilikotenguliwa. Tukiutupia utandawazi kila lawama, tunawasamehe wakubwa wetu bure.

Hoja yangu ya sauti ina mahali inapokwama, nako ni jikoni. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano, na tarehe 28 Aprili Indonesia ikasimamisha kuuza nje mafuta ya mawese, ikaja kulegeza Mei 23. Anayepika mahamri Majengo hutegemea zaidi unga na mafuta. Vyote viwili vilipanda mwaka mmoja, na wateja wake wa mbaazi hawakuwa tayari kulipa zaidi, kwa hivyo andazi likawa dogo. Agome dhidi ya nani? Wapo watakaosema tulime ngano yetu. Tulime, lakini kwa miongo mingi sasa Kenya hailimi ngano ya kuitosha, na ngano ya kutoka nje ndiyo iliyofanya mahamri yawe chakula cha kila mtu miaka ya neema.

Utamaduni haunitishi hivyo. Kijana wa Kisauni anayeshabikia Arsenal hajapoteza kitu ambacho babu yake, aliyesikiliza nyimbo za filamu za Kihindi, alikuwa hajakipoteza. Kiswahili nacho kimepanda na mawimbi hayo hayo: Umoja wa Afrika ulikifanya lugha ya kazi Februari 2022, na UNESCO ilikitengea siku yake duniani, Julai 7. Kinachonisumbua ni kwamba vijana wanaochekesha kwa Kimvita mitandaoni wanamjazia mtazamaji simu, huku sehemu kubwa ya pesa za matangazo ikiishia kwa wenye mitandao.

Kwenye siasa pande mbili za utandawazi ziligongana waziwazi Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, wakati nchi ilikuwa kwenye mpango wa mikopo na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, tangu 2021. Vijana waliojaa barabarani, Mombasa ikiwemo, walipangana kupitia TikTok na X, kampuni za ng'ambo, kupinga kodi walizoamini zimeamuliwa ng'ambo. Mswada ukaondolewa. Deni halikuondoka nao.

Jaribio linalofuata ni Dongo Kundu, eneo maalumu la kiuchumi linalojengwa ng'ambo ya kivuko kwa ushirikiano na Japani. Laweza kuwa mahali pa kutengenezea vitu, au uwanja wa kuwekea kontena za watu wenye bahati ya kutolipa kodi. Nikishika mkataba wa mwekezaji yeyote wa huko, sitaanza na ukurasa wa mabilioni. Nitatafuta malighafi itanunuliwa wapi, nani atakaa kwenye mashine na nani ofisini, na nafuu ya kodi itakwisha mwaka gani.