Laana ya Napir-Asu: mali ya Elamu ni ya nani?

Katika makumbusho ya Louvre, Paris, kuna sanamu ya mwanamke asiye na kichwa. Kimo chake ni mita 1.29 tu, mtoto wa shule ya msingi anaweza kumpita, lakini uzito wake ni kilo 1,750. Mafundi waliomtengeneza hawakumwacha na uwazi ndani. Ganda la nje ni la shaba, na tumbo lote limejazwa shaba iliyochanganywa na bati. Mikono kaikunja mbele, wa kulia juu ya wa kushoto, na kavaa pete na bangili. Sketi yake ina nakshi ya vidoto vilivyotawanyika kama kitambaa cha kutarizi, na chini inaishia na matamvua yanayogusa sakafu.

Huyu ni Napir-Asu, mke wa Untash-Napirisha, mfalme wa Elamu katika karne ya 14 KK. Kwenye sketi hiyo hiyo ameandikiwa maneno kwa Kielami. Hayamsifu mtu. Yanalaani. Atakayeichukua sanamu yangu, atakayeivunja, atakayelifuta jina langu, basi apatwe na laana ya miungu Napirisha, Kiririsha na Inshushinak, jina lake lipotee na asipate uzao.

Wafaransa waliifukua sanamu hiyo Susa, mji wa Elamu, mwaka 1903, wakaisafirisha kwao.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamewahi kukutana na Elamu bila kujua. Mji wa Susa ndio Shushani wa kitabu cha Esta, ingawa wakati wa Esta ulikuwa tayari mikononi mwa Waajemi. Kedorlaoma wa Mwanzo 14 anaitwa mfalme wa Elamu. Na siku ya Pentekoste, katika orodha ile ndefu ya Matendo 2, Waelami wamo pamoja na Waparthi na Wamedi. Nje ya Biblia ni taifa lililoishi kusini magharibi mwa Iran ya leo, katika bonde la Khuzestan na milima ya Fars, kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Lugha yao haina ndugu anayejulikana. Mwaka 2004 KK waliuangusha mji wa Uru na kumchukua mfalme wake, Ibbi-Sin, mateka. Waliacha hekalu la ngazi la Chogha Zanbil, ambalo kila upande wa kitako chake una mita 105, nalo limo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1979.

Swali linalozungumzwa sana kuhusu Elamu siku hizi ni la umiliki. Je, vitu vya Susa virudi Iran? Wanaosema ndiyo wanamtaja Napir-Asu. Wanaosema hapana hunyoosha kidole kwenye jiwe jingine, na hapo ndipo mjadala unapoanza kuwa mtamu.

Jiwe lenyewe ni lile la sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, lenye urefu wa mita 2.25 na sheria zipatazo 282. Watu wengi hudhani lilichimbuliwa Babeli. La hasha. Lilipatikana Susa, vipande vitatu, kati ya Desemba 1901 na Januari 1902. Lilifikaje? Karibu mwaka 1158 KK mfalme wa Elamu, Shutruk-Nahhunte, aliivamia Babeli na miji jirani akakomba alichokipenda. Pamoja na sheria za Hammurabi alibeba jiwe la ushindi la Naram-Sin, mfalme wa Akadi, dola kongwe ya Mesopotamia (Iraq ya leo), ambalo siku hiyo lilikuwa tayari na umri wa miaka elfu moja. Yaani mtu wa kale aliiba vitu vya kale.

Wala hakuficha. Kwenye jiwe la Naram-Sin, juu ya mlima uliochongwa humo, aliandika kwa Kielami kwamba yeye Shutruk-Nahhunte, mfalme wa Anshan na Susa, kwa amri ya mungu Inshushinak aliipiga Sippar, akalitwaa jiwe hili, akalileta Elamu na kulitoa sadaka kwa mungu wake. Maandishi ya mwenyewe wa kwanza aliyaacha. Kwenye jiwe la Hammurabi mambo yalikuwa tofauti. Safu kadhaa za sheria zilisuguliwa hadi zikawa laini, bila shaka ili mfalme mpya aandike yake, kisha hakuandika chochote. Pengo hilo lipo mpaka leo.

Hivyo upande wa makumbusho una hoja yenye uzito. Anayedai mali irudishwe kwa mwenyewe, aseme mwenyewe ni nani. Kama wizi wa karne ya 12 KK ni wizi, basi Hammurabi ni wa Iraq wala si wa Iran. Kama si wizi, ni ngawira halali ya vita, kwa nini ngawira ya Wafaransa iwe haramu? Na mtiririko huu hauishii hapo. Nebukadneza wa Kwanza (si yule wa Danieli) aliishambulia Elamu na kurudisha sanamu ya mungu Marduk kwake Babeli. Mwaka 647 KK Ashurbanipal wa Ashuru aliuteketeza mji wa Susa, akabeba miungu na mifupa ya wafalme waliozikwa, akajigamba kwamba amemrudisha mungu wa kike Nanaya kwake Uruk baada ya miaka 1,635 ya kukaa ugenini. Kurudisha mali ya kale ni wimbo mkongwe kuliko makumbusho yote, na mara nyingi umeimbwa na mtu mwenye upanga.

Hoja hii ni nzuri, lakini inafanya kazi kwa nusu tu ya ghala. Inawagusa Hammurabi na Naram-Sin. Haimgusi Napir-Asu. Yeye alitengenezwa na Waelami, kwa mfalme wa Elamu, akasimama katika hekalu la Elamu, akafukiwa na kufukuliwa kwenye udongo ule ule. Vivyo hivyo vyungu vya Susa vya takriban mwaka 4000 KK, vile vyembamba vyenye mbuzi wa milimani ambaye pembe zake zimepindwa mpaka zikawa duara kamili na mwili wake ni pembetatu mbili tu. (Nikiulizwa kazi ipi ya sanaa ya kale ningeichukua nyumbani, ningetaja bilauri ya huyo mbuzi bila kufikiri.) Kuvichanganya vitu hivi na ngawira ya Shutruk-Nahhunte ni kufunika kesi nyepesi kwa kesi ngumu.

Basi Louvre hujibu kwa hoja ya pili: mkataba. Na hapa tusiwaonee, mkataba upo. Mwaka 1895 Naser al-Din Shah, mfalme wa Uajemi (Iran ya siku hizo), aliwapa Wafaransa haki ya pekee ya kuchimba mambo ya kale nchi nzima. Mwaka 1900 mwanawe, Mozaffar al-Din Shah, alikubali kwamba vyote vitakavyotoka Susa viwe vya Ufaransa. Uajemi haikuwa koloni. Hilo ni tofauti na mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakiwa watawala wetu na sasa ikiwa imesimama Berlin. Sisi hatukuwa na wa kutia saini. Waajemi walikuwa naye.

Lakini huyo aliyetia saini alikuwa akitia saini nini kingine? Mwaka 1890 Naser al-Din Shah huyo huyo aliuza haki yote ya biashara ya tumbaku nchini kwa Mwingereza mmoja. Watu wakagoma kuvuta, wanazuoni wakatoa fatwa, na mapema 1892 mkataba ukafutwa. Miaka mitatu baadaye akauza yaliyo chini ya ardhi. Safari hii hakuna aliyegoma, maana tumbaku huvutwa kila siku na Susa ilikuwa kilima cha vumbi mbali na Tehran. Ilibidi kusubiri hadi 1927 haki hiyo ya pekee ifutwe, na 1930 Iran ikatunga sheria yake ya mambo ya kale. Mimi naona saini ya Shah inatosha kusema Wafaransa hawakuwa wezi wa usiku. Haitoshi kusema kwamba wananchi waliuza.

Hoja ya tatu, ya usalama, huwa inanikera, lakini siwezi kuibeza. Mwaka 2003 makumbusho ya Baghdad yaliporwa vitu vipatavyo 15,000. Katika vita vya Iran na Iraq, eneo la Shush (ndiyo Susa ya leo) lilikuwa uwanja wa mapigano, na mashambulizi makubwa ya Machi 1982 yalipiganwa pale pale. Mtu anayesema jiwe la Hammurabi lilikuwa salama zaidi Paris miaka hiyo hasemi uongo. Kinachonikera ni kwamba Ulaya nayo ilipigana vita viwili vikuu ndani ya karne hiyo hiyo, na mwaka 1939 Louvre yenyewe ilibidi ihamishe hazina zake kuzificha mashambani. Usalama hubadilika kila kizazi. Hauwezi kuwa hati ya kumiliki.

Na waliochukua walitunza vipi? Watetezi wa Louvre hapo huzungumza chini chini. Mkuu wa uchimbaji tangu 1897, Jacques de Morgan, alikuwa mhandisi wa migodi, na kilima cha Susa alikichimba kama mgodi. Alikikata matabaka ya mita tano tano, akiwa na mamia ya vibarua. Mita tano za udongo wa Susa ni karne nyingi za maisha ya watu, zote zimechotwa pamoja. Kuta za matofali mabichi, ambazo ndizo nyumba na mahekalu yenyewe, hazikutambuliwa, na nyingi ziliondoka na kifusi. Juu ya kilima akajenga ngome ya kukaa, na katika kuta zake yakatumika matofali ya kale ya Susa, mengine yakiwa na maandishi ya kikabari, yale ya alama zenye umbo la kabari. Ukienda leo bado unayaona.

Kwangu hii ndiyo hasara iliyo kubwa kuliko sanamu yenyewe. Napir-Asu anaweza kuwekwa kwenye kasha na kupandishwa ndege. Chumba alichosimama, vitu vilivyomzunguka, tabaka la udongo lililomfunika, hivyo havina wa kuvirudisha. Wale wanaodai vitu virudi Iran wangekuwa na kesi nzito zaidi wangeanzia hapa, badala ya kubishana nani alimwibia nani kwanza.

Upande mwingine wa haki ni kwamba bila Wafaransa hao huenda Kielami kingebaki fumbo refu zaidi. Na walichapisha upesi: Padri Jean-Vincent Scheil alitoa tafsiri ya sheria za Hammurabi mwaka 1902, ndani ya mwaka mmoja tu. Kuna wachimbaji wa leo, wenye kompyuta na ruzuku, wanaokaa na matokeo yao miaka ishirini.

Mfano unaoonyesha njia nyingine upo, na unahusu Kielami kwa karibu zaidi. Mwaka 1933 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuta Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, maelfu ya vibao vya udongo vya wakati wa Dario wa Kwanza. Mabwana walikuwa Waajemi, lakini karani aliandika Kielami: shayiri kiasi gani, mvinyo kiasi gani, kibarua gani kapewa. Humo wamo hata wanawake waliotoka kujifungua, wakipewa posho ya ziada, na aliyezaa mvulana alipata mara mbili ya aliyezaa msichana. Mwaka 1936 vibao vilipelekwa Chicago kwa mkopo. Neno ni hilo, mkopo. Baadaye watu waliojeruhiwa katika shambulio la bomu Jerusalem, walioishinda Iran mahakamani kwa kuwaunga mkono washambuliaji, walitaka vikamatwe na kuuzwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na Februari 2018 majaji wanane kwa sifuri wakakataa. Mwaka 2019 vibao 1,783 vilirudi Tehran, na 2023 vingine 3,506, nchi hizo mbili zikiwa hazina hata ubalozi baina yao.

Kwa hiyo vitu vya udongo dhaifu vilirudi, kwenda nchi iliyowekewa vikwazo, kutoka kwa hasimu wake, kwa sababu karatasi ya mwanzo ilisema ni mkopo. Anayesema sanamu ya shaba ya kilo 1,750 haiwezi kusafiri ajibu hilo.

Ningekuwa mwamuzi, Napir-Asu angerudi pamoja na vyungu vingi vya Susa, na Louvre ibaki na baadhi kwa makubaliano. Hammurabi ningeiachia Iraq idai, wala nisingeisikiliza Iran. Jiwe la Naram-Sin limenishinda. Ushindi wa Akadi na ushindi wa Elamu umechongwa kwenye uso mmoja, na huwezi kurudisha mmoja bila kuupokonya mwingine. Louvre yenyewe imeshaamua kimya kimya, maana mawe yote mawili, la Naram-Sin na la Hammurabi, yamewekwa katika vyumba vya Mesopotamia, mbali na vya Iran. Shutruk-Nahhunte amenyang'anywa ngawira yake kwa kubadilishiwa chumba tu. Ila kwenye daftari la makumbusho Hammurabi bado ni Sb 8, Naram-Sin ni Sb 4, na Napir-Asu ni Sb 2731. Sb ni Susa.