Alizeti kwenye bendera: Kirgizistani na jua lililonyooshwa

Ukiitandika bendera ya zamani ya Kirgizistani kando ya mpya, itabidi usogee karibu ndipo uone kilichobadilika. Kitambaa ni kilekile chekundu. Jua ni lilelile la manjano, pale katikati, na miale yake bado ni 40. Ila miale ya zamani ilipinda mawimbi-mawimbi kama ndimi za moto, na ya sasa imenyooka kama spoku za baiskeli. Basi. Hayo ndiyo yaliyolishughulisha bunge la nchi hiyo mwishoni mwa 2023, yakamfanya rais aingie mwenyewe kuyatetea, na yakampeleka mtu rumande.

Waliopeleka muswada ni Spika wa wakati huo Nurlanbek Shakiev na mbunge Ulan Primov, na hoja yao kubwa ilikuwa ua. Jua lile la miale iliyopinda, walisema, linafanana na alizeti. Jina la alizeti kwa Kikirgizi maana yake ni kitu kinacholitazama jua, na mtu akifananishwa nalo hajasifiwa: ni kigeugeu, shingo yake huelekea kwenye mwanga wa siku hiyo. Rais Sadyr Japarov alishika hoja hiyohiyo, akisema wapo wananchi wanaoamini nchi imeshindwa kusimama kwa miguu yake kwa sababu ya ua hilo lililo kwenye bendera.

Wengi waliisikia wakacheka. Mimi sikuweza kucheka sana, kwa sababu Kiswahili kimetuweka pabaya zaidi ya Wakirgizi. Wao wanalo ua linalofuata jua. Sisi tunasema bendera hufuata upepo, na tukisema hivyo tunamtukana mtu. Taifa linalojali picha yake lina haki ya kukerwa na picha hiyo.

Tena hofu yenyewe ina mizizi. Kirgizistani ni nchi ya milima ya Asia ya Kati isiyo na bahari, yenye watu milioni saba hivi, na tangu ipate uhuru 1991 imeishi kwa kutazama huku na huku. Kuanzia 2001 hadi 2014 Wamarekani walikuwa na kambi ya jeshi katika uwanja wa ndege wa Manas, nje kidogo ya Bishkek. Mwaka 2003 Warusi nao wakafungua yao Kant, mwendo mfupi tu kutoka mji huohuo mkuu. Mji mmoja, majua mawili. Wamarekani wakaondoka, mwaka 2015 nchi ikaingia Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia unaoongozwa na Moscow. Vijana wake kwa mamia ya maelfu hufanya kazi Urusi na kutuma fedha nyumbani, na sehemu kubwa ya deni la nje inadaiwa na benki ya serikali ya China. Anayesema Kirgizistani imekuwa alizeti hajasema uzushi.

Na serikali hii haikuishia kwenye kitambaa. Mwaka 2021 iliuchukua mgodi wa dhahabu wa Kumtor, ulioko juu kabisa katika milima ya Tian Shan, kutoka kwa kampuni ya Kanada, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa makubaliano. Machi 2025 ilitia saini mkataba wa mpaka na Tajikistani, mpaka ambao mwaka 2022 tu ulikuwa umemwaga damu. Mtetezi wa Japarov atakuambia kwamba miale iliyonyooka ni sehemu ya mgongo ulionyooka. Nampa haki yake hapo.

Upande wa pili una jibu lake, na linaanza na hiyo hesabu ya 40. Miale 40 ni makabila 40 ambayo, kwa mapokeo ya utenzi wa Manas, shujaa huyo aliyaunganisha yakawa taifa moja. Na wapo wanaolitafsiri hata jina la Wakirgizi kuwa linatokana na neno "kyrk", arobaini. Kwa mtu aliyesimama chini ya jua hilo tangu utotoni, halikuwa alizeti hata siku moja mpaka spika alipomwambia ni alizeti. Kuna watoto wa 1992 ambao leo ni wazazi. Bendera ile ndiyo waliyoivaa mabegani uwanjani, ndiyo iliyofunika majeneza ya waliouawa kwa risasi Aprili 2010 mbele ya ikulu. Huwezi kuwaambia watu hao kwamba muda wote huo walikuwa wamebeba ua.

Hoja ya gharama nayo ilitolewa: kila ofisi, kila shule, kila ubalozi. Sioni kama ina uzito sana. Bendera huchakaa, hununuliwa nyingine.

Lenye uzito ni jinsi jambo lilivyoendeshwa. Bunge lilimaliza kusoma muswada tarehe 20 Desemba 2023, rais akatia saini tarehe 22. Kura ya maoni haikuwapo. Wanaoutetea utaratibu huo wana kauli ngumu kuipangua: bendera ya kwanza nayo, ile ya tarehe 3 Machi 1992, ilipitishwa na wabunge waliorithiwa kutoka enzi za Kisovieti, bila mwananchi wa kawaida kuulizwa. Kweli. Ila 1992 nchi ilikuwa haina bendera yake, na bunge lile lilikuwa na kiburi cha kumkatalia rais. Bunge la 2023 lilikuwa jingine. Ili kulielewa inabidi kurudi nyuma kidogo.

Wakirgizi wamewaondoa marais watatu kwa nguvu ya barabarani: Askar Akayev Machi 2005, Kurmanbek Bakiyev Aprili 2010, Sooronbay Jeenbekov Oktoba 2020. Baada ya Bakiyev walijifunza somo lao wakaandika katiba ya kulipa bunge meno, na kwa miaka kumi walikuwa kituko katika Asia ya Kati, kwa maana nzuri ya neno: majirani wana marais wa kudumu, wao wana mabishano. Kisha ikaja Oktoba 2020. Uchaguzi wa bunge ukavurugika, waandamanaji wakavamia ikulu usiku, na miongoni mwa waliotolewa gerezani usiku huo alikuwa Japarov, aliyekuwa akitumikia kifungo cha zaidi ya miaka 11. Ndani ya siku chache akawa waziri mkuu. Januari 2021 akachaguliwa rais kwa karibu asilimia 80 ya kura, na siku hiyohiyo wapiga kura wakachagua mfumo wa urais. Katiba mpya ikafuata Aprili, bunge likapunguzwa kutoka viti 120 hadi 90, madaraka yakarudi ikulu. Wenye utani waliunganisha neno "khan" na neno "katiba" la Kirusi, wakaiita katiba ya khan.

Kwa hiyo swali la miale lilipofika bungeni, lilifika mahali ambapo ikulu ikitaka jambo, jambo hupita. Nje ya bunge, Desemba hiyohiyo, mwanaharakati aliyekuwa akihimiza watu kupinga bendera mpya alikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya kuchochea ghasia. Hapa ndipo mimi nahama upande. Serikali inayosema inataka wananchi walionyooka, kisha ikamkuta mmoja amenyooka na kusema hapana, ikamtia ndani, imeivunja hoja yake kwa mkono wake. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, rais akatia saini sheria ya "wawakilishi wa kigeni" inayoyabana mashirika yanayopokea fedha kutoka nje, na wakosoaji waliisoma wakaona karibu neno kwa neno sheria ya Urusi. Bendera ilishanyooshwa wakati huo. Shingo ya mtunga sheria ilielekea wapi?

Kuna na jambo dogo lililonishangaza. Kama shida ni kufuata wakubwa, rangi nyekundu ndiyo ingekuwa ya kwanza kutiliwa shaka, maana ndiyo waliyopepea Wasovieti miaka 70. Wabunge waliwahi kuizungumzia huko nyuma. Safari hii ikaachwa, na maelezo rasmi ni kwamba nyekundu ni ya ushujaa, ni ya bendera ya Manas. Sawa. Lakini ukiweza kuisamehe nyekundu kwa kuipa maana yako mwenyewe, mwale uliopinda nao ungesameheka.

Hatujui bendera hii itadumu kiasi gani, na mfano ulio karibu nasi hautii moyo. Malawi, chini ya Bingu wa Mutharika, ilibadilisha jua la bendera yake mwaka 2010: likaacha kuwa jua linalochomoza, likawa jua kamili, kwa hoja kwamba nchi imeshakucha. Mutharika alifariki 2012, na kabla mwaka haujafika nusu bunge likarudisha jua la zamani. Jua la rais huzama na rais. Katika Uwanja wa Ala-Too, katikati ya Bishkek, Wakirgizi wameliona hilo kwa sanamu: Lenin aliondolewa 2003 akapelekwa nyuma ya jumba la makumbusho, nafasi yake ikachukuliwa na sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa chini ya Akayev, nayo ikang'olewa, na 2011 akapandishwa Manas juu ya farasi. Sanamu tatu mahali pamoja, chini ya miaka kumi.

Kitu kimoja kwenye bendera pande zote mbili hazikutaka kukigusa: ule mduara ulio ndani ya jua, wenye fito tatu zinazokatiza nyingine tatu. Huo ni tunduk, taji la mbao la hema la duara la wafugaji. Nguzo zote za paa huchomekwa humo kwa ncha. Ukiuondoa, hema linakaa chini. Moshi wa jiko hutokea hapo na mwanga huingilia hapo, na aliyelala chali ndani huona kipande cha anga kilichokatwakatwa na fito sita. Hema lenyewe siku hizi wengi hulisimamisha wakati wa misiba, sherehe, au kwenye malisho ya kiangazi. Neno limebaki. Mkaazi wa Bishkek anayetaka huduma za serikali, ikiwemo kuonyesha kitambulisho chake, hufungua programu ya simu, na jina lake ni Tunduk.