Daftari la Ukoo la Daktari Lopera

Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa mtu wa kufunga pesa kwenye pindo la khanga. Fundo moja tu, analichomeka kiunoni, na pale nyumbani Muheza hakuna aliyethubutu kuligusa. Miaka yake ya mwisho akawa analifungua mwenyewe na kuzificha pesa pengine: ndani ya mtungi, chini ya godoro, siku moja kwenye gunia la mkaa. Halafu anamgeukia shangazi: "Umeniibia." Shangazi alilia sana siku zile. Zahanati tuliyompeleka walimpima presha wakasema ni uzee. Mtaani wapo waliosema amechezewa. Yakaishia hapo, na hakuna aliyeuliza kama mama yake bibi naye alikuwa hivyo.

Swali hilo ndilo lililojenga maisha yote ya Francisco Lopera, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa Colombia aliyeufuatilia Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na akili, aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 73. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa bado anasomea ubingwa mjini Medellín alipoletewa mwanamume kutoka Belmira, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Antioquia. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Umri wake miaka 47. Sasa huyo utamwambia ni uzee? Lopera akauliza kama kuna mwingine kwao mwenye hali hiyo. Kumbe wapo: baba alikuwa nao, babu alikuwa nao, na ndugu pia.

Akawafuata kwao. Kule ugonjwa ulikuwa na jina lake la siku nyingi, *la bobera*, kama sisi tungesema uzuzu, na sababu zake zilikuwa laana na uchawi. Ukisoma hayo ukiwa umekulia Tanga unacheka kidogo, kisha unaacha kucheka. Kilifi, ng'ambo tu ya mpaka, wapo wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi, na mzee anayezunguka usiku akijisemea peke yake ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole.

Lopera na wenzake wakaanza kuchora ukoo. Nani kamzaa nani, nani alianza kusahau, akiwa na miaka mingapi. Walipoishiwa na watu wa kuwauliza, waligeukia vitabu vya parokia vya ubatizo na vifo, wakarudi nyuma hadi karne ya 18. Na Antioquia ya wakati ule haikuwa mahali pa kutembeatembea na daftari. Kulikuwa na waasi msituni na magenge ya dawa za kulevya mjini. Muuguzi wa timu yake aliwahi kutekwa na waasi. Damu za wagonjwa zilisafirishwa katika mazingira hayo, na baadaye ubongo wa marehemu ambao ndugu walikubali utolewe kabla ya mazishi. Hebu fikiria daktari anaingia matangani kuomba ubongo, na familia inamkubalia. Ruhusa ya namna hiyo huipati kwa fomu. Unaipata kwa kuwa ulifika nyumba ile miaka kumi iliyotangulia ukanywa kahawa yao.

Mwaka 1995 jeni yenye kasoro ikajulikana. Jeni ni maelekezo ya mwili yanayorithiwa; hii ni ya kutengeneza protini iitwayo presenilini-1, na herufi moja tu imekosewa. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwenye nayo huanza kupotewa na kumbukumbu karibu na miaka 44, na kufikia 49 hawezi tena kujitegemea. Ukoo ule una watu wapatao 6,000, na katika hao kama 1,200 wanaibeba. Duniani kote hakujulikani ukoo mwingine mkubwa kiasi hicho wenye Alzheimer ya kurithi ya namna hii.

Wengi wanaomsifu Lopera humsifu kwa jeni. Mimi naona kipimo chake ni mambo yaliyofuata, na mengine yananikereketa hadi leo.

Mwaka 2013 Lopera na wenzake walianza kujaribu dawa ya aina ya kingamwili iitwayo krenezumabu, waone kama itazuia ugonjwa, kwa watu 252 wa ukoo huo ambao bado walikuwa wazima. Hawakuambiwa nani anabeba jeni. Ili siri isivuje, waliingizwa pia wasioibeba, nao kwa miaka ile yote walikuwa wakichomwa sindano isiyo na dawa ndani. Yaani mtu mwenye afya, ambaye hana hata jeni hiyo, anafunga safari kila mara kwenda kuchomwa sindano tupu ili kaka yake asijijue. Nimelifikiria sana hilo. Naelewa kwa nini walificha: kumwambia kijana wa miaka 30 kwamba akili yake itaondoka akiwa na 45, bila dawa wala mshauri wa kumshika mkono, ni kumhukumu. Lakini wapo waliopanga ndoa na uzazi gizani, huku jibu likiwa limefungiwa kabatini kwa mtu mwingine. Sijui mimi ningekubali.

Juni 2022 matokeo yakatoka: dawa haikuzuia ugonjwa kwa kiwango cha kuhesabika. Lopera hakuwa mtu wa kutuma barua akajificha. Aliwaeleza familia na akaendelea kuwatembelea. Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha lekanemabu, kingamwili nyingine inayopunguza kasi ya ugonjwa kidogo, kwa bei iliyotangazwa ya dola 26,500 kwa mwaka. Watu wa Belmira, waliotoa damu na ubongo wa wazazi wao, watazipata wapi hizo?

Hata hivyo daftari lile lilikuwa bado lina kitu. Kuna mama mmoja kwenye ukoo aliyebeba jeni hiyo lakini akavuka miaka sabini na akili zake timamu, karibu miaka thelathini zaidi ya wenzake. Picha za ubongo wake zilionyesha umejaa amiloidi, ile takataka inayolaumiwa kwa ugonjwa, ila tau, protini nyingine inayohusishwa na ugonjwa huo, ilikuwa kidogo. Mwaka 2019 Lopera na wenzake wakaeleza kwamba alirithi pia mabadiliko mengine ya nadra, kutoka kwa wazazi wote wawili, ambayo huenda ndiyo yaliyomkinga. Leo wapo wanaotafuta dawa itakayoiga kinga hiyo. Bila majina ya ukoo mzima mezani, mama yule angepita tu kama bibi mwingine mwenye akili nzuri. Nani huwa anampima mtu mzima wa afya?

Kwetu utafiti upo. Vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta dimensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na akili kama hayo, kwa asilimia 6.4. Kwa hiyo habari ya kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tuiache. Wala sisemi bibi alikuwa na jeni ya Antioquia; yeye alishapita 80 alipoanza, na katika umri huo urithi ni sehemu tu ya habari. Ninachosema ni kwamba hatuna hata karatasi. Tunaujua ukoo kwa ajili ya mirathi na posa, tunataja nani hawezi kumwoa nani, lakini habari za magonjwa yetu tunazizika pamoja na wenyewe.

Mwezi uliopita nilinunua kaunta buku nikaenda Muheza kumwona shangazi. Alidhani nimekuja kwa habari za shamba. Tulianza na bibi, tukapanda kwa mama yake, kisha kwa dada za mama yake, wanne. Wa kwanza alikufa kwa uzazi, wa pili hamkumbuki vizuri. Kwa wa tatu shangazi alinyamaza, akakunja mkeka upande mmoja kana kwamba anatafuta kitu chini yake.

"Huyo, mwanangu," akasema, "alikuwa akificha vitu."