Gharama za ajenti wa nyumba na ankara ambayo hakuna wa kuitoa

Mwishoni mwa mwaka wa 2025, Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru nchini Kenya, KRA, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 mapato na gharama zinazotajwa katika ritani zitalinganishwa na kumbukumbu za mfumo wa ankara za kielektroniki, eTIMS. Kwa duka la jumla lenye karani na mashine, tangazo hilo lilikuwa ukumbusho wa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2024, ambayo husema kwamba gharama isiyo na ankara ya eTIMS haiondolewi kwenye mapato wakati ushuru unapokokotolewa. Kwa ajenti wa nyumba aliyejiajiri, anayezunguka Kasarani, Ruaka au Nyali akiwaonyesha wapangaji nyumba zilizo wazi, tangazo hilo lina uzito mwingine, kwa sababu huenda akatozwa ushuru kwa fedha ambazo zilikwisha kumtoka mfukoni akitafuta riziki.

Hoja ya KRA ina msingi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato huruhusu kuondolewa kwa matumizi yale tu yaliyofanywa kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato husika pekee. Kazi ya ajenti huchanganya mambo: gari linalompeleka mteja kutazama nyumba asubuhi ndilo linalowachukua watoto shuleni jioni, na simu inayopokea wateja ndiyo inayopokea jamaa. Kwa miaka mingi mtu aliyejiajiri aliweza kuandika tarakimu yoyote katika safu ya gharama akitumaini kwamba hakuna atakayeuliza, na wapo waliofika hata kununua ankara za biashara zisizouza chochote. Mwalimu anayekatwa ushuru kabla mshahara haujafika benki haruhusiwi kuondoa nauli yake ya kila siku. Ana haki ya kuuliza kwa nini jirani yake aliyejiajiri aaminiwe kwa neno tu.

Hata hivyo, mjadala huu huendeshwa kana kwamba kuondoa gharama ni upendeleo anaopewa ajenti, na hapo ndipo hali yake inapoeleweka vibaya. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anaweza kulipa asilimia 3 ya mauzo ghafi na kumaliza shughuli, bila kuulizwa alitumia nini. Ajenti hana njia hiyo. Sheria imeziweka kando ada za usimamizi na za kitaalamu, na tafsiri yake ya ada hizo inataja wazi huduma za uwakala. Kwa sababu hiyo hiyo, mteja mwenye wajibu wa kukata ushuru, kwa mfano kampuni inayomlipa kamisheni ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, humkata asilimia 5 ya jumla nzima na kuipeleka KRA, kabla hata haijajulikana kama amepata faida. Mwisho wa mwaka, faida yake hutozwa kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, kuanzia asilimia 10 hadi asilimia 35, na ile asilimia 5 huhesabiwa kuwa sehemu ya ushuru aliokwisha kulipa. Katika mfumo wa namna hiyo, kuondoa gharama ndiyo njia pekee ya kujua faida ni ipi.

Nazo gharama zenyewe ni za aina gani? Ajenti hulipa bodaboda kutoka stendi hadi kwenye mtaa, na pengine humlipia mteja pia. Humpa kitu keateka, yaani mtunzaji wa jengo, aliyempigia simu kwamba chumba kimoja ghorofa ya tatu kitakuwa wazi mwisho wa mwezi, maana bila habari hiyo hana cha kuonyesha. Humlipa kijana wa kufagia nyumba na kuosha madirisha kabla ya picha kupigwa, na fundi wa kubandika bango langoni. Huenda akaonyesha nyumba nne kwa familia moja na familia hiyo ikaamua kubaki ilikokuwa, naye asipate hata senti, ilhali bodaboda ameshalipwa. Kituo cha mafuta kinaweza kutoa ankara ya eTIMS, na mchapishaji wa mabango vilevile. Keateka, kijana wa ufagio na mwendesha bodaboda hawatoi, na ni vigumu kuwaza siku watakayotoa. Wale walioiandika sheria waliona kwamba baadhi ya malipo hayalingani na mfumo, wakasamehe sharti la ankara kwa mishahara, riba, bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na hata tiketi za abiria wa ndege. Abiria wa ndege alikumbukwa. Abiria wa bodaboda hakukumbukwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kawaida. Ajenti amepata kamisheni ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka na ametumia 480,000 kuzipata, kwa hiyo faida yake halisi ni 720,000. Akikubaliwa gharama zote, ushuru wake baada ya nafuu ya kibinafsi ya shilingi 28,800 ni takriban 124,600. Sasa tuseme katika zile 480,000, shilingi 300,000 zilikwenda kwa watu wasio na eTIMS. Sheria itamhesabu kuwa amepata 1,020,000, na ushuru wake utapanda hadi karibu 214,600. Faida yake haijaongezeka hata kidogo, lakini sehemu anayoitoa imepanda kutoka takriban asilimia 17 ya faida hiyo hadi karibu asilimia 30. Nyongeza ni shilingi 90,000.

Nyongeza hiyo inastahili kutazamwa kando ya ushuru wa mwenye nyumba ambaye ajenti huyu humtafutia wapangaji. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba anayepokea kodi ya pango ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi hiyo, bila ankara wala hesabu ya gharama. Akipokea shilingi 1,200,000, sawa na kamisheni ya ajenti wetu, ushuru wake wote wa mwaka mzima kwa kodi hiyo ni shilingi 90,000. Kile ambacho ajenti anaongezewa kwa kukosa karatasi tu kinalingana na jumla ya anacholipa mwenye jengo. Ni kweli kwamba mwenye nyumba naye haondoi gharama za ukarabati wala riba ya mkopo, na kwa mwenye deni kubwa benki hilo ni zigo zito. Lakini yeye anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa KRA na kuchagua kutozwa kwa faida badala ya jumla. Ajenti hakupewa uchaguzi wowote.

Watetezi wa utaratibu uliopo watakumbusha kwamba Bunge lilisikia kilio hiki, na kwamba tangu marekebisho ya Desemba 2024 mnunuzi anaweza kutoa ankara mwenyewe pale anaponunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ni hatua ya maana, na inamfaa sana kiwanda kinachonunua maziwa kwa wakulima walewale kila wiki. Kwa ajenti, manufaa yake ni madogo. Ili atoe ankara hiyo, itambidi amwombe mwendesha bodaboda, ambaye huenda hatamwona tena, maelezo ya kumtambulisha kwa KRA kwa ajili ya safari ya shilingi 100, na mwendeshaji ana sababu nzuri za kukataa.

Naona kinachohitajika ni kiwango maalumu kwa malipo madogo. Marekani, ambako sheria ya shirikisho huwahesabu mawakala wa nyumba wenye leseni na wanaolipwa kwa mauzo kuwa watu waliojiajiri, ajenti anaweza kuondoa senti 70 za dola kwa kila maili aliyoendesha kikazi mwaka wa 2025, mradi ameandika tarehe, mahali na sababu ya safari. Risiti za petroli haziulizwi. Kenya inaweza kuruhusu sehemu fulani ya kamisheni, yenye kikomo, iondolewe kwa daftari la safari na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha nani alilipwa, lini na kiasi gani. KRA itajibu kwamba M-Pesa huthibitisha fedha zilihama na haithibitishi zilihama kwa sababu gani. Jibu hilo ni sahihi, na ndiyo sababu ya kuwepo kikomo. Unafuu huo pia unaweza kutolewa kwa wale tu waliosajiliwa chini ya Sheria ya Mawakala wa Nyumba ya 1984, jambo ambalo lingewapa madalali wengi wanaofanya kazi bila usajili sababu ya kifedha ya kujitokeza, na lingeipa KRA majina ambayo leo haina.