"Twende wapi, dada?"

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 simu yangu iliita saa nane na ushei. Nyumbani ilikuwa saa mbili na nusu hivi, watu hawajamaliza kula. Alikuwa mdogo wangu anayekaa Kigamboni. "Dada, ardhi imetikisika! Vyombo vyote kabatini vimelia." Nikamuuliza wako wapi. "Tumekimbilia ufukweni na majirani wote. Huku kuna uwazi, hakuna ukuta wa kutuangukia."

Usingizi uliniruka. Nilimwambia kwa ukali ambao sijapata kumwambia nao tangu tuwe watoto: "Ondokeni hapo pwani sasa hivi. Wachukue watoto muondoke!" Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Twende wapi, dada?"

Sikuwa na jibu. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa karibu 6, chini ya bahari kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, na kwa rehema za Mungu halikuleta tsunami, lile wimbi kubwa linalosukumwa na tetemeko la chini ya bahari. Asubuhi watu walikwenda kazini kama kawaida. Lakini swali la mdogo wangu limekaa nami mpaka leo, kwa sababu huku ninakoishi mtoto wa darasa la kwanza angelijibu papo hapo, tena angenyoosha kidole kuonyesha.

Nakaa Ishinomaki, mji wa wavuvi kaskazini-mashariki mwa Japani. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha na kupakia samaki. Tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, bahari iliyo mbele ya mji huu ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 9, na tsunami ikafuata. Japani nzima ilipoteza watu zaidi ya 18,000, ukihesabu na wale ambao hawajapatikana mpaka leo. Zaidi ya 3,000 kati yao walikuwa wa mji huu mmoja. Sikuwepo. Wenzangu kiwandani walikuwepo, na hawapendi kusimulia. Ila siku ya kwanza kazini, kabla sijaonyeshwa pa kuning'iniza aproni, nilionyeshwa njia ya kupandia Hiyoriyama, kilima kilicho katikati ya mji. Tuliipanda kwa miguu, mimi na mama mmoja wa makamo. Juu akanionyesha bahari, akanionyesha uwanda mtupu ulio chini yetu, akasema kwa maneno mepesi ili nimwelewe: hapo palikuwa na nyumba.

Chini ya kilima hicho kuna shule ya msingi, Kadonowaki, iliyohifadhiwa na kuta zake zilizoungua. Watoto waliokuwa shuleni siku ile walipanda kilimani kama walivyokuwa wamezoezwa, wakaokoka. Maji na moto vikaikuta shule haina mwanafunzi hata mmoja. Upande mwingine wa mji huu huu, kando ya mto Kitakami, kulikuwa na shule nyingine, Okawa. Hiyo iko karibu kilomita 4 kutoka baharini, na nyuma yake kuna mlima. Walimu waliwakusanya watoto uwanjani, wakawa wanashauriana waende wapi. Dakika kama 50 zikapita. Maji yakapanda kwa njia ya mto. Watoto 74 wakaondoka duniani, na walimu 10. Kila nikipita pale nasikia sauti ya mdogo wangu: twende wapi?

Kwa hiyo ndugu zangu wanaponiambia kwamba Japani wamesalimika kwa sababu ni matajiri, wana kuta na mitambo, nawaomba wasikilize kidogo. Kuta zilikuwepo. Mji mdogo wa Taro ulikuwa na ukuta wa mita 10 uliosifiwa nchi nzima, na maji yaliuruka. Wapo waliobaki majumbani kwa kuutegemea. Waliopona, wengi wao walipona kwa miguu yao, kwa kuwa walijua pa kwenda na hawakusubiri kuambiwa.

Tarehe 30 Julai 2025 niliona jambo hilo kwa macho yangu. Asubuhi palitokea tetemeko la 8.8 huko Kamchatka, Urusi, mbali kabisa na sisi. Ving'ora vikalia, simu zote zikapiga kelele kwa pamoja. Watu karibu milioni 2 katika pwani ya Japani waliambiwa waende mahali pa juu. Kiwandani, msimamizi wetu aliweka kisu mezani, akazima mkanda wa samaki, akasema neno moja. Sanduku za samaki tuliziacha wazi pale pale. Tulipanda Hiyoriyama kwenye jua la Julai, wazee wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, wanafunzi wamebeba maji ya kunywa. Tukakaa saa nyingi. Mawimbi yalikuja madogo. La juu kabisa kupimwa nchini, kwenye bandari ya Kuji, lilikuwa mita 1.3. Samaki wote wakatupwa. Na hakuna hata mtu mmoja aliyesema tumekimbia bure. Hilo ndilo lililonigusa kuliko ving'ora. Nyumbani, ukikimbia na hatari isitokee, utachekwa mtaani mwezi mzima, na safari ya pili hukimbii.

Lakini nisiwadanganye kwamba huku wana kila kitu na sisi hatuna kitu. Kuna jambo moja ambalo sisi tunalo na wao wamelipoteza. Wenzangu hawa, waliozaliwa hatua chache kutoka baharini, ukiwauliza leo maji yanakupwa saa ngapi wanafungua simu. Mama yangu, aliyeko Pangani, muamshe usingizini umuulize, atahesabu mwezi kwa vidole na kukupa saa. Anajua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na siku za maji mafu, yanapotulia. Amechokoa pweza miambani tangu yu msichana.

Na hapo ndipo penye hatari yetu, maana huku Japani mtoto anafundishwa: ukiona bahari imerudi nyuma, kimbia. Peleka maneno hayo Pangani kama yalivyo, watu watakushangaa. Kwetu bahari inarudi nyuma kila siku, mbali mpaka ngalawa zinalala ubavu kwenye mchanga. Maji yakipwa ni neema. Akina mama wanashuka na ndoo na vyuma vyao vya kuchokolea, watoto wanawafuata nyuma. Sisi hatuwezi kufundishwa kwamba maji yakipwa ni hatari. Sisi inatupasa tuambiane hivi: maji yakipwa saa isiyo yake, wacha ndoo, kimbia. Na anayeijua saa yake ni nani? Ni mama yangu na wenzake. Katika kila kijiji cha pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, wapo watu ambao wangeligundua jambo hilo kabla ya mtambo wowote. Hakuna aliyewaambia kwamba wanachokijua kinaweza kuokoa roho.

Mama anaikumbuka Jumapili ile ya tarehe 26 Desemba 2004. Ilikuwa bamvua. Anasema mchana maji yalikuwa yameanza kujaa, mara yakarudi nyuma tena, yakaja kwa nguvu, yakarudi, hivyo hivyo mpaka jioni. "Nikasema leo bahari ina wazimu." Akarudi nyumbani kwa sababu alichukizwa. Hakujua anachokikimbia. Tetemeko la Sumatra, Indonesia, lililoleta maji yale, lilitokea karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na maji yakatufikia mchana. Fikirieni saa zote hizo! Watu wa Ishinomaki walipata chini ya saa moja. Sisi tulipata tangu alfajiri mpaka mchana, na bado Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengine wakiogelea sikukuu. Kenya polisi waliwaondoa watu ufukweni, akafa mmoja. Somalia, huko Hafun na pwani ya Puntland, walikufa karibu 300. Tangu 2011 kuna mtandao wa tahadhari wa Bahari ya Hindi. Australia, India na Indonesia hutuma taarifa, na kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa huzipokea. Ni hatua kubwa. Ila taarifa ikifika Dar es Salaam haijafika kwa mama anayechokoa pweza.

Na asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2020 watafiti walitangaza walichokikuta walipochimba kwenye ghuba ya Pangani: tabaka la mchanga lililoletwa na tsunami kama miaka 1,000 iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu waliozama. Ni watu wa kijiji, wavuvi. Niliposoma habari ile nililia, kwa sababu hakuna hadithi hata moja niliyosimuliwa na bibi kuhusu watu hao. Wamesahaulika kabisa. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilikuwa jirani na tetemeko la 2004, lakini kati ya watu karibu 80,000 walikufa 7 tu. Hawakuwa na king'ora. Walikuwa na neno moja, *smong*, walilorithishwa na wazee waliopigwa na maji mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, pandeni mlimani.

Huku pia wana neno lao, *tendenko*, yaani kila mtu na miguu yake. Mara ya kwanza lilinikera. Nimuache mama yangu? Sisi hatukulelewa hivyo. Yule mama wa Hiyoriyama ndiye aliyenieleza: wengi walikufa kwa kurudi kumtafuta mtu ambaye alikwisha kupanda. Ukijua kwa yakini kwamba mwanao ameshapanda, hutarudi. Maana yake ni kuaminiana, na kuaminiana hupangwa mapema, mezani, kabla ya siku yenyewe. Sisi tuna majirani watakaombeba bibi mgongoni bila kuombwa; huku mzee anaishi peke yake na jina lake liko kwenye orodha ya ofisi. Basi tupange na hilo: nani atambeba bibi.

Vijiji vyetu vina misikiti, na misikiti ina vipaza sauti vinavyofika mpaka kwenye madau. Mwenyekiti wa kijiji akae na imamu wakubaliane tangazo litakuwa lipi. Manahodha waliokwisha kufika kina kirefu waambiwe wasikimbilie pwani, kwani huko nje wimbi hupita chini ya chombo bila kishindo. Linainuka likifika maji madogo. Na watu waliopanda wasishuke baada ya wimbi la kwanza. Mara nyingi kubwa ni la pili au la tatu, na huachana hata kwa saa nzima.

Nilipokwenda likizo nilimkalisha mama na wajukuu barazani, nikawauliza swali la mdogo wangu. Mama hakusita: "Tutakwenda Bweni, kule juu." Kweli Bweni iko juu, unaiona kutoka mlangoni. Lakini iko ng'ambo ya mto, na tulizoea kuvuka kwa pantoni. Nikamweleza habari ya mto Kitakami. Akautazama mto wake muda mrefu, akavuta kanga begani. "Basi twende njia ya mashamba," akasema, na tukaenda jioni ile ile, yeye mbele na fimbo yake, mpwa wangu mdogo mgongoni kwangu, mpaka kwenye minazi ambako ardhi inaanza kuinuka. Nilikuwa nimewasha saa ya simu. Dakika 23. Mama akasema kesho tutajaribu tena, na safari hii tumchukue na jirani.